Mgeni wa Mama Majura

Usingizi ulinikataa karibu wiki nzima kwa sababu ya swali ambalo mtu mwingine angelijibu huku anafunga kamba za viatu. Mzee Manyama, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Iringo, Musoma mjini, alinisimamisha nje ya kanisa baada ya Misa, akaniuliza kama Jumamosi inayofuata msalaba uje kwangu. Maana yake watu waje kusali chumbani kwangu, msalaba wa jumuiya ubaki ukutani kwangu mpaka Jumamosi nyingine, na mimi kama mwenyeji nitoe tafakari ya Injili. Nilimwambia nitamjulisha. Akanitazama kama mtu aliyeuliza saa ngapi akaambiwa arudi kesho.

Nilianza na wasiwasi wa viti. Nina kiti kimoja. Nikawaza Mzee Manyama akikaa kwenye kiti, mama wazima watakaa wapi. Wakikaa kitandani, ni heshima au si heshima. Na kama ni heshima, nitandike shuka gani. Kutoka kwenye viti nikahamia kwenye tafakari. Watu wa jumuiya wanajua nimemaliza chuo, nimesoma takwimu, na hawajali kwamba kwa sasa nashinda barabara ya Mukendo kwenye duka la kutoa kopi nikisubiri ajira. Kwao aliyesoma ni aliyesoma, lazima atasema neno. Lakini chini ya viti na chini ya tafakari kulikuwa na jambo ambalo sikutaka hata kulitaja kimoyomoyo. Sikuwa na uhakika kama ninaamini vya kutosha. Kuna siku naamini mpaka najishangaa, na kuna siku nasali Baba Yetu kama mtu anayemsomea mwenzake namba ya simu. Je, mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kumkaribisha Bwana nyumbani, mbele za watu, na kumweleza kana kwamba anamfahamu?

Nikafungua Injili ya Jumamosi hiyo nione angalau ni ngumu kiasi gani. Ni ile ya Luka, wanafunzi wamekusanyika na hofu yao, Yesu mfufuka anasimama katikati yao, wanadhani wameona mzuka. Anawaonyesha mikono na miguu. Bado hawaamini. Ndipo anawauliza kama wana chakula chochote hapo, nao wanampa kipande cha samaki wa kuokwa.

Nilipofika kwenye samaki nilifunga kitabu. Juu ya kabati langu kuna bakuli la bati, jeupe, ukingo wake wa bluu umebanduka sehemu nyingi. Nililitazama kwa muda mrefu, na harufu ya samaki aina ya furu wa kubanikwa ikanijia waziwazi kana kwamba mtu anapika uani.

Nilikuwa bado sijaanza darasa la kwanza. Tulikuwa tunaishi Bunda, baba akiwa fundi pikipiki, na mama alikuwa mjamzito. Ujauzito ukamsumbua, akalazwa Musoma mjini, baba akawa mtu wa njiani kati ya karakana na hospitali, na mimi nikapelekwa kwa Bibi, mama yake baba, kwenye rasi, kijiji ambacho ukigeukia upande wowote unakuta ziwa. Niliambiwa mama amekwenda kupumzika. Sikuamini. Mama hakuwa mtu wa kupumzika, na siku aliyoondoka alikuwa analia, na mimi sikuwahi kumwona mtu akipumzika huku analia.

Kwa Bibi kila kitu kilinuka dagaa: shuka, rozari, nywele zangu. Bibi alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na alizungumza na vitu. Aliuambia moto uache ukaidi. Aliwaambia dagaa wakauke haraka, wasimwaibishe, mvua inakuja. Mimi aliniita Nyangeta wangu, hata alipokuwa ananigombeza, kwa hiyo kugombezwa na Bibi hakukuuma sana.

Kule kijijini kulikuwa na desturi ambayo nimeikuta na huku mjini, ila kule ilishikwa kwa mkono mzito zaidi. Jumuiya ilikuwa na msalaba wa mbao, na juu yake sanamu ya Yesu aliyechongwa na fundi wa palepale, magoti yake makubwa kidogo kuliko ya mtu wa kawaida. Msalaba huo ulikaa wiki moja kila nyumba. Jumamosi wakishamaliza kusali, mwenyeji wa wiki inayofuata alitakiwa aingie ndani ya nyumba ulipo na kuupokea kwa mikono yake mwenyewe kutoka mikononi mwa mwenyeji anayemaliza. Haukutumwa kwa mtoto. Haukuachwa kanisani uchukuliwe. Na haukuruka mlango: kama zamu ni yako, ni yako.

Mimi nililielewa jambo hilo kwa namna yangu. Nilielewa kwamba Yesu anahama. Wiki hii anakaa kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kama mwalimu mgeni asiye na nyumba ya serikali. Niliona ni haki kabisa, kwa sababu nyumba zilikuwa nyingi na yeye alikuwa mmoja. Lakini haki hiyo ilikuwa na usumbufu wake, maana ukiwa na shida wakati yeye yuko nyumba ya mbali, lazima upaze sauti. Jioni tukisali na Bibi, mimi niligeukia upande wa nyumba aliyokuwemo na kuitikia kwa nguvu zote ili sauti ifike. Bibi alidhani nina ibada. Aliwasimulia wanawake kisimani.

Nilipofika kijijini, Yesu alikuwa kwa Mama Majura, jirani kabisa, na baada ya hapo zamu ilikuwa yetu. Nilifurahi. Wiki moja tu, nikawaza, halafu atakuwa ndani mwetu, na mimi nitamweleza mambo ya mama taratibu bila kupiga kelele.

Sikujua kwamba Bibi na Mama Majura hawasalimiani.

Ugomvi wao ulikuwa wa mwamba. Kati ya viwanja vyao, karibu na maji, kulikuwa na mwamba mpana ambao jua liliupata tangu asubuhi, na wanawake wa kule wanajua dagaa wa mwambani hawashiki mchanga. Bibi alianika upande wa juu, Mama Majura upande wa chini. Siku moja Bibi alikwenda kwenye msiba Butiama, aliporudi akakuta dagaa wa Mama Majura wamepanda mpaka juu. Mama Majura akasema alijua upande ule uko wazi. Bibi akasema uko wazi kwa sababu mtu kaenda kuzika, hajahama. Maneno yakaongezeka, ya dagaa yakaisha, yakaja ya zamani. Ilipofika Jumamosi ya kupokea msalaba Bibi akamwambia mwenyekiti wa jumuiya kwamba yeye na Yesu hawana tatizo, lakini kuingia mle ndani haingii.

Wazee wa jumuiya wakasema basi wasubiri. Msalaba ukabaki kwa Mama Majura wiki hiyo, na iliyofuata, na nyingine tena. Bibi hakunizuia kwenda kusali. Alisema ugomvi ni wa watu wazima wawili, mimi niende na watoto wa jirani nikasali, nirudi. Yeye alibaki nyumbani akichambua dagaa, na alizichezesha nyungo kwa kishindo, ili sisi tuliokuwa tunaimba upande wa pili tujue kwamba yupo.

Jumamosi moja, zilikuwa wiki za Pasaka na mvua za masika, ndipo ikasomwa Injili ya samaki. Watu wazima walitafakari amani na hofu na mengine ambayo sikuyafuatilia. Mimi nilibaki pale alipouliza kama wana chakula. Niliona aibu kwa niaba yao. Kwetu mgeni haombi chakula. Mgeni akifikia hatua ya kuuliza, ujue wenyeji wamemsahau vibaya sana.

Nikamtazama Yesu wa mbao pale ukutani kwa Mama Majura, mbavu zake zote zikihesabika, na kila kitu kikawa wazi. Mama Majura alikuwa mjane, wanawe wako visiwani wanavua, na watoto wa kijiji tulisema ni mchoyo, samaki wote anauza, yeye anakula ugali wa muhogo na majani. Mgeni kakaa humu wiki na wiki. Mikono yake imepigiliwa, hawezi hata kujipakulia. Na Bibi hataki kuja kumchukua. Nilielewa kwa nini mama harudi. Mtu mwenye njaa hawezi kushughulikia mambo ya watu.

Kesho yake mchana Bibi alinibanikia furu, vile visamaki vidogo vya watoto, vitamu lakini vimejaa miba. Aliponipa bakuli langu na kwenda zake ufukweni, mimi sikula. Nilifunika bakuli kwa jani la mgomba, nikapita nyuma ya choo ili nisionekane, nikaingia kwa Mama Majura. Hakukuwa na mtu. Nikavuta kigoda mpaka chini ya msalaba, nikapanda, nikasimama kwa vidole, nikamnyooshea furu mdomoni. Hakufumbua mdomo. Nikadhani anaona haya, nikamwambia kwa sauti ndogo ale tu, Bibi hayupo.

Hapo ndipo Mama Majura akaingia na beseni lake kichwani.

"We mtoto, unafanya nini huko juu?"

"Namlisha."

"Unamlisha nani?"

Nilimwonyesha kwa kidevu, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na bakuli na mwingine ulikuwa na samaki.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na kila mara nashangaa kwamba hakucheka. Alitua beseni, akafuta mikono kwenye kanga, akasogea akachungulia alichokuwa anapewa mgeni wake.

"Furu. Umemtoa miba?"

Sikuwa nimemtoa miba.

"Bibi yako amekutuma?"

"Bibi hajui. Bibi anasema humu haingiagi."

"Na wewe mbona umeingia?"

Nikamwambia ukweli wote, kwa sababu nilikuwa juu ya kigoda na sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema nimekuja kumwambia huyu kwamba mama yangu anaumwa, yuko Musoma, na hakuna anayemwambia, kwa sababu Bibi anasali kule kwetu na sauti haifiki huku, na yeye Mama Majura najua hawezi kumwambia kwa kuwa amegombana na Bibi.

Alinishusha kutoka kwenye kigoda, akakikalia yeye.

"Mimi namwambiaga kila siku," alisema. "Tangu niliposikia wamempakia mama yako kwenye gari. Asubuhi namwambia, jioni namkumbusha."

Kisha akaanza kutoa miba. Alifanya kazi hiyo polepole, kwa ncha za vidole, nyama upande mmoja wa bakuli, miba juu ya jani. Nilimwuliza sasa tutamfikishiaje pale juu. Akasema huyu mgeni ana tabia yake, akitaka kula anatumia midomo ya watu. Mtu mwenye njaa akila, yeye ndiye ameshiba. "Wewe umekula mchana huu?" Nikasema bado. "Basi kaa ule, asije akalala na njaa kwangu." Tukala wote wawili, chini ya msalaba, na mimi kila nikimeza nilimwangalia yeye pale juu nione kama uso unabadilika. Naapa niliona magoti yametulia.

Kule kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mama Majura aliosha bakuli, akalijaza viazi vitamu vya kuchemsha, akalifunika kwa jani jipya, akanipa bila kunituma neno lolote.

Bibi aliliona bakuli kabla hajaniona mimi. Aliniuliza viazi vimetoka wapi, nikasema. Aliniuliza nilikwenda kufanya nini, nikasema pia, na nilisema yote, mpaka habari ya kila asubuhi na kila jioni. Bibi hakunigombeza. Alitoa viazi akaviweka kwenye sufuria, akaosha bakuli lililokuwa limeshaoshwa, akalipandisha kichanjani, akaanza kuzungumza nalo. Alizungumza nalo jioni hiyo na kesho yake yote. Alisema hakuomba viazi. Alisema yule mama kamweza, kamweza kabisa, kampitia kwa mtoto. Sasa akikaa na deni la bakuli, kijiji kitamwona mtu wa namna gani. Na akilirudisha, atalirudishia wapi kama si mle mle asimoingia? Mimi nilijilaza nikijifanya nimelala, na hata kwa akili ya mtoto niliona kwamba bakuli linashinda.

Siku iliyofuata Bibi alinunua sato mkubwa, akamwoka, akavaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono. Tulikwenda kwa njia ya mbele, mchana kweupe.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwenye hodi."

"Nimeleta bakuli."

"Bakuli ni lako, Mama Magesa. Unaniletea la nini?"

"Sikulileta tupu."

"Basi ingia. Au unataka nile hapo mlangoni kama kuku?"

Bibi akatazama kizingiti. Nilihisi mkono wake ukibana wangu. "Haka kamlango ulikapunguza lini?"

"Hakajapungua. Wewe ndiye umenenepa tangu uache kuja."

Bibi alicheka kabla hajapata nafasi ya kujizuia, na mtu akishacheka hawezi tena kurudi nyuma. Aliingia. Waliongea mpaka nikasinzia kwenye mkeka, na habari ya mwamba nadhani haikutajwa kabisa, au ilitajwa nikiwa usingizini. Jumamosi Bibi alipokea msalaba kwa mikono yake mikubwa, na Yesu akahamia kwetu.

Ningependa kuishia hapo. Wanaosimulia habari za imani wengi huishia hapo, na ndiyo sababu wengine wetu tunabaki na maswali. Mama alirudi. Alirudi mwembamba, anatembea kwa kuegemea ukuta, lakini alirudi mzima, akanibeba ingawa aliambiwa asibebe kitu. Mtoto hakurudi naye. Wanawake walikuja wakakaa chini na kuzungumza kwa sauti za chini, na Mama Majura akaja na bakuli, safari hii lina uji, akamnywesha mama mwenyewe kwa kijiko. Hakuna aliyenieleza. Kwa hiyo nilijieleza mimi.

Nilijieleza kwamba ni miba. Nilimpa Yesu furu ambaye hajatolewa miba, nikamgusisha mdomoni kabisa, na bila shaka mmoja ulimkwama, na wakati anahangaika na mwiba wangu, mtoto akafa. Nilikaa na jambo hilo mpaka nikaanza kukataa samaki. Bibi akaona. Alinichukua mpaka juu ya mwamba wa dagaa, mahali ambapo watu wengine hawasikii, akaniambia niseme. Nikasema.

Bibi alicheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Akanivuta akanikalisha mapajani.

"Nyangeta wangu. Yule amekaa na wavuvi maisha yake. Kala samaki wa kila namna. Unadhani atashindwa na furu?"

"Sasa mbona mtoto amekufa?"

Nilimtazama usoni, kwa sababu Bibi alikuwa na jibu la kila kitu, hata la moto unapokataa kuwaka. Aliangalia majini.

"Sijui," akasema. "Hilo mimi mwenyewe nitamwuliza."

Halafu akaniambia nimsaidie kugeuza dagaa, maana jua lilikuwa linaondoka.

Mama alipopata nguvu tulirudi Bunda, nikaanza shule, nikasoma, nikajifunza kwamba Mungu hahami nyumba kwa nyumba. Bakuli halikusoma. Lilibaki likienda na kurudi kati ya nyumba zile mbili miaka yote, mara dagaa, mara mihogo, mara maembe, na kila nilipokwenda likizo nilikuta mmoja wao analalamika kwamba mwenzake kalijaza mno kwa makusudi ili amshinde.

Mwanzoni mwa mwaka huu Bibi alifariki. Tulimzika pale pale, ukisimama kaburini unauona mwamba. Siku ya matanga Mama Majura alikuja akishikwa mkono na mjukuu, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na alibeba kitu kilichofunikwa kwa kitambaa. Aliulizia niko wapi. Akaniambia bakuli lilikuwa kwake. Zamu ya kulirudisha ilikuwa yake, na alikuwa amechelewa kwa siku chache tu, alikuwa anasubiri viazi vikomae. "Sasa mwenyewe hayupo. Chukua wewe. Wewe ndiye uliyelianzisha." Nilikula vile viazi peke yangu nyuma ya nyumba, na nilipofikiri kwamba sasa Bibi amekwishauliza lile swali lake, ndipo nililia vizuri kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo bakuli liko juu ya kabati langu hapa Iringo, tupu. Najua ni zamu yangu kulipeleka. Nimewaza nilijaze nini, nimewaza kama ninastahili kushika nafasi ya Bibi, nimewaza mpaka miezi imepita.

Nikafungua kitabu tena, nikasoma upya ile sehemu niliyoiruka mbio kila mwaka. Luka anasema wanafunzi walikuwa hawajaamini bado, kwa furaha, na wakistaajabu, ndipo akawauliza habari ya chakula. Walikuwa hawajaamini bado. Sikuwahi kuliona hilo. Nilidhani aliwatatulia mashaka kwanza, wakatulia, wakasema sala nzuri, halafu wakaandaa meza. Sivyo. Aliomba chakula kwa watu ambao mioyo yao ilikuwa bado inagombana, na akakila kutoka mikononi mwao jinsi walivyo. Hakuwaambia wamalize mashaka ndipo wampe samaki. Labda yule aliyenyoosha mkono na kipande kile alikuwa bado anatetemeka, bado anajiuliza kama kitadondoka chini kupitia kwenye mzuka. Alikinyoosha hivyo hivyo. Na Bibi, ambaye hakujua kwa nini mjukuu wake amekufa, na alisema hajui, alisali rozari jioni ile ile na kesho yake. Nilikuwa nimelala pembeni yake. Nilimsikia.

Nilimwandikia Mzee Manyama kwamba msalaba uje. Akajibu: "Sawa binti. Mambo ya chakula usihangaike, jumuiya tulishakubaliana."

Nilihangaika. Jumamosi asubuhi nilishuka Mwigobero, kwenye soko la samaki ufukweni, nikatafuta furu. Muuza samaki alicheka, akasema mtu mzima ananunua furu wa nini, nichukue sato. Nikasema ni wa mgeni. Niliwabanika uani kwenye jiko la mkaa, wapangaji wenzangu wakichungulia madirishani, na nilitoa miba yote, polepole, kama nilivyoona ikitolewa. Kazi hiyo ina faida moja kwa watu kama mimi: huwezi kuwaza kitu kingine, utachomwa.

Walikuja. Mama wazima walikaa kitandani bila kuuliza, Mzee Manyama akachukua kiti, vijana wakakaa sakafuni mpaka mlangoni, na msalaba ukatundikwa kwenye msumari niliokuwa natundikia mkoba. Injili ikasomwa. Kisha wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeandika tafakari ndefu. Niliiacha chini ya godoro, na walioikalia hawakujua. Nikasema tu yaliyokuwa kweli. Nikawaambia kwamba mimi mambo mengi sina hakika nayo, na zipo siku nasali kwa shida, lakini nimesoma kwamba aliwaomba chakula kabla hawajamaliza kuamini, na chakula kipo. Nikainua kitambaa kwenye bakuli.

Mzee Manyama akachungulia.

"Hawa ni furu?"

"Ni furu, mzee."

"Nina miaka sijala furu. Miba je?"

"Nimetoa."

Akanyoosha mkono. Bakuli likazunguka, kitandani, sakafuni, mpaka mlangoni ambako mpangaji wa chumba cha pili, ambaye hajawahi kusali nasi, alikuwa amesimama akijifanya anapita. Naye alipewa, akala. Likarudi kwangu limefutwa safi kwa vidole, na mimi nikala kilichobaki ukingoni.

Jumatatu, kabla ya kwenda dukani, nililijaza mchele na sukari, nikalifunga kwa kitenge cha Bibi cha kanisani, nikashuka tena Mwigobero kwenye boti zinazokwenda upande wa rasi. Nahodha ni kijana wa kule kwetu. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mahali ambapo maji hayafiki, akauliza ni la nani.

"La Mama Majura."

"Nimwambie nini?"

Nikamwambia hana haja ya kusema kitu. Yule mama akilishika tu atajua kwamba sasa ni zamu yake.